Raba ya Kwanza ya Kukimbilia

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka 34, miezi michache baada ya kumwachisha ziwa mtoto wangu wa pili, na kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijapiga hata hatua moja barabarani. Nilikwenda sokoni Jumamosi asubuhi, hapa hapa Mbeya, nikaona raba ya zambarau yenye soli nyeupe pe, nikaomba bei, nikapunguziwa hadi shilingi 35,000, nikajaribu mguu mmoja tu huku nimeegemea meza ya muuzaji, kisha nikaondoka nikiamini nimeokota mali. Namba yake ilikuwa 39, ambayo ndiyo namba ya viatu vyangu vya kanisani na vya kazini. Kufikia wiki ya tatu kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia ilikuwa imekuwa nyeusi, na ugoko wa kila mguu uliniuma kiasi kwamba ngazi za ofisini nilizishuka kinyumenyume.

Siwezi kumlaumu muuzaji, kwa maana hakunificha kitu. Mimi ndiye sikujua la kuuliza. Tangu wakati huo nimenunua jozi tano nyingine na nimewasindikiza sokoni wanawake wenzangu kadhaa wa kundi letu la jogingi.

Nianze na namba, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakokosea. Mguu wa mwanamke hubadilika. Wakati wa ujauzito uzito wa mwili huongezeka na kano zinazoshikilia mifupa ya unyayo hulegea, hivyo upinde wa unyayo unaweza kushuka na mguu ukarefuka kwa milimita kadhaa, hasa katika mimba ya kwanza, na mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Viatu vyangu vya kanisani havikuweza kunionyesha hilo kwa kuwa ngozi yake ilikuwa imetanuka polepole pamoja nami. Kwa hiyo, ikiwa umewahi kuzaa, pima mguu wako upya, na upime jioni, kwa sababu mguu uliosimama na kutembea kutwa nzima huvimba kidogo, kama unavyovimba unapokimbia. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta, simama juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, kisha mtu mwingine aweke alama mbele ya kidole kinachotokeza kuliko vingine, ambacho kwa baadhi yetu si kidole gumba bali ni cha pili. Usijipimie mwenyewe, kwa sababu ukiinama mguu husogea. Pima miguu yote miwili, kisha ununue kwa kufuata ule mkubwa.

Mimi nilipata sentimita 24.3 kulia na 24 kushoto, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ile 39 iliniadhibu. Namba 39 ya kampuni moja huweza kuandikiwa sentimita 24.5 na ya kampuni nyingine 25, na mbele ya kidole kinachotokeza panatakiwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, yaani sentimita moja hivi, ili mguu unaposukumwa mbele kwenye mteremko usigonge ncha ya kiatu. Anayekimbia kwenye miteremko ya chini ya mlima Loleza ataielewa nafasi hiyo haraka kuliko mkimbiaji wa Dar es Salaam. Kwenye lebo iliyo nyuma ya ulimi wa kiatu, karibu na namba za Ulaya, Uingereza na Marekani, mara nyingi huandikwa pia sentimita. Isome hiyo, kwa kuwa namba za Kimarekani zina mtego wake: namba 8 ya kiume ya Marekani ni sawa na 9.5 ya kike, na kwenye mitumba viatu vya wanaume na vya wanawake huchanganywa meza moja.

Tofauti ya viatu hivyo si rangi peke yake. Kiatu cha kike cha kukimbilia kwa kawaida huwa chembamba zaidi kisiginoni, na mwanamke mwenye kisigino chembamba akivaa cha kiume huhisi kisigino kinapanda na kushuka, kisha malengelenge yanafuata. Yapo matundu mawili ya mwisho karibu na kifundo cha mguu ambayo watu wengi huyaacha bila kupitisha kamba. Ukiyatumia, kisigino hutulia. Kwa upande mwingine, mwenye mguu mpana au nundu ya mfupa pembeni mwa kidole gumba asione aibu kununua cha kiume ikiwa ndicho kinachomkaa vizuri.

Sasa mitumba, ambako ndiko wengi wetu tunakonunua na mimi bado ninanunua. Mwaka jana, kipindi cha baridi, nilimsindikiza jirani yangu, mama wa makamo ambaye daktari alimshauri afanye mazoezi, na tukafika kwenye meza iliyokuwa na raba ya bluu iliyong'arishwa hadi inameremeta. "Mama, hiyo ni gredi ya kwanza, belo limefunguliwa leo," alituambia kijana. Nilimwomba ruhusa, nikavuta soli ya ndani, ile inayotoka, nikaigeuza kuelekea kwenye mwanga: palikuwa na vishimo vitano vya vidole vya mtu mwingine, vimezama kama alama kwenye udongo mbichi. Nikabonyeza sponji ya pembeni ya kisigino kwa kidole gumba, na haikubonyea. Ilikuwa na mikunjo myembamba kama ya ngozi ya kiwiko. Nikaviweka vyote viwili juu ya meza na kuvitazama kwa nyuma, navyo vilikuwa vimelalia upande wa ndani. Kijana alicheka, akasema, "Mama huyu fundi," kisha akainama chini ya meza na kutoa jozi ya kijivu yenye doa la rangi ya ukutani mbele, mbaya kwa macho, lakini sponji yake ilibonyea na kurudi, na meno ya soli yalikuwa bado yanakwaruza kucha. Jirani yangu anakimbia na doa lake mpaka leo.

Sponji hiyo ndiyo kiatu chenyewe. Vingine vyote ni nguo ya kuifunika. Kwa kawaida hutumika kati ya kilomita 500 na 800 kabla ya kuchoka, kutegemea uzito wa mkimbiaji na njia anazopita, lakini pia huzeeka ikiwa imekaa tu, na gundi huzeeka pamoja nayo, ndiyo maana raba ambayo haijavaliwa sana inaweza kuachia soli katika wiki ya pili. Hapo wengi hukimbilia kwa fundi viatu, na fundi hupitisha uzi kuzunguka soli nzima. Kwa raba ya matembezi sina neno, lakini nilipoishonesha ya kukimbilia ilikakamaa, ikakataa kukunjika kwenye vidole. Siku hizi humwomba fundi gundi peke yake.

Utaambiwa pia kwamba ni lazima ujue kama unyayo wako ni bapa au una upinde mkubwa, ndipo uchague aina ya kiatu. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, hata nikawa nakanyaga sakafu kwa miguu yenye maji ili nisome alama. Hata hivyo tafiti zilizofanywa kwa askari wapya wa majeshi ya Marekani, ambako baadhi walipewa viatu kulingana na umbo la unyayo na wengine wakapewa vya aina moja, hazikuonyesha kwamba kugawa viatu kwa njia hiyo kulipunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Ninachokiamini sasa ni kiatu kinachokaa vizuri tangu dakika ya kwanza. Vaa vyote viwili, pamoja na soksi utakazokimbilia (zisiwe za pamba tupu, kwa kuwa hunyonya jasho na kubaki zimelowa), funga kamba, kisha ondoka mezani ukimbie hatua hamsini. Ndiyo, watu watakutazama. Kiatu kinachobana kwa ahadi kwamba "kitafunguka" kiache hapo hapo.

Dada mmoja wa kundi letu alinionyesha picha ya viatu vya wakimbiaji wakubwa, akauliza kama aweke akiba. Huko Berlin, Septemba 2023, Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kwa saa 2:11:53 akiwa amevaa kiatu chenye uzito wa gramu 138, katika mbio zile zile ambazo Magdalena Shauri wetu alishika nafasi ya tatu kwa saa 2:18:41. Kiatu hicho kiliuzwa dola 500 na kilitengenezwa kwa ajili ya mbio moja tu. Anayeanza anahitaji kiatu cha kawaida, cha gramu 250 hadi 300, ambacho kisigino kimeinuka kuliko vidole kwa milimita 8 hadi 10, hasa ikiwa kutwa anavaa viatu vya visigino virefu, kwa sababu kushuka ghafla hadi kwenye kiatu bapa huivuta kano kubwa ya nyuma ya kisigino.

Meno ya soli yafuate njia yako. Kwa lami na vumbi la kiangazi, meno mafupi yanatosha. Kwa anayepita njia za mashambani kati ya Novemba na Aprili, udongo wetu ukiloa huteleza kama sabuni, na meno marefu yana maana.

Na baada ya mvua, tafadhali, usikianike juu ya jiko la mkaa. Najua msimu wa mvua hapa nguo hukaa siku tatu bila kukauka, na jiko linashawishi, lakini joto huharibu sponji na gundi. Toa soli ya ndani, jaza kiatu magazeti, yabadilishe yakilowa, kisha kiweke penye upepo.

Nyuma ya ulimi wa jozi yangu ya sasa nimeandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe niliyoanza kuivaa, na kila Jumapili najumlisha kilomita kwenye daftari la jikoni. Imefika 540. Ikigonga 700 itakwenda shambani, ambako ile ya zambarau ilikwishatangulia.