Jibu: Naposti kila siku, mbona wateja hawaji?
Ndugu yangu, umesema unaposti kila siku kwenye mitandao mitano na bado simu haiiti. Nadhani tatizo ni hiyo mitano. Chagua mmoja ambao wateja wako wapo, uutunze kwelikweli. Mimi nashona nguo za watoto, na picha iliyoniletea maswali mengi kuliko zote ilikuwa ya mshono wa ndani ya kola, niliyoipiga dirishani asubuhi bila kuipamba. Bei iandike wazi. "Njoo inboksi" inachosha watu. WhatsApp Business ni bure na ina katalogi, weka bidhaa humo, maana status hupotea baada ya saa 24. Mteja akilalamika hadharani, usifute. Mjibu kwa upole palepale, wengine wanasoma.