Mwanangu, kuhusu bibi yako na ile kofia

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Waniuliza kama bibi alikuwa akitupenda sote sawa, maana na wewe sasa umepata mtoto wa pili na waogopa moyo utaegemea upande mmoja. Hilo la sawa ngoja kwanza, nikwambie alivyokuwa akitulisha.

Sinia yake ile kubwa waikumbuka. Tukikaa kula, wali wa nazi na samaki wa kupaka katikati, hakuwa akimgawia mtu, aliizungusha tu kwa vidole viwili, taratibu, mpaka minofu ikamfikia yule anayeona haya kunyoosha mkono. Watu wa sinia moja hawapotezani, nimekwambia tangu u mdogo na nitakwambia tena. Hata 2001 Lamu ilipoingizwa kwenye urithi wa dunia, wageni wakawa wanapiga picha milango, mmoja akamuuliza nyumba hii ina miaka mingapi, bibi yako akamjibu "ina watu kumi na wawili, karibu chakula." Nikilikumbuka nacheka peke yangu mpaka mamako anashangaa.

Lakini sasa ile kofia. Mwaka 1979, nina miaka 11, alinishonea kofia ya Idi, ya viua, ile ya vitundu. Miezi minne, usiku kwa taa ya chemli, tundu moja moja, nami ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yalishaanza kumsumbua. Aliishona pana makusudi, nikue nayo. Ilipokwisha akaifua akaitia uwanga akaivika kwenye faroma, kile kigogo cha kukaushia kofia, ikauke. Siku tatu kabla ya Idi ami yako akaitiwa kazi Mombasa, asubuhi ile ile avuke bara, Mokowe, akapande basi, na wakati huo Kilifi hakuna daraja, mwavuka kwa feri, safari ya kutwa. Naamka, faroma iko uchi. Kofia yangu iko kichwani kwa ami yako.

Nilipanda darini nikalia. Akanifuata, akaniambia "wewe u machoni mwangu, yeye aenda asikokuwa na mtu." Basi, akashuka kupika. Idi nikaswali na kofia kuukuu, pindo limefumuka.

Neno lile nimelibeba miaka yote hii mwanangu. Saa nyengine naona alikuwa sawa kabisa, aendaye mbali ndiye wa kusitiriwa kwanza, ni ile ile sinia kuizungusha. Halafu nasema la, mtoto aliyetunga uzi miezi minne angeulizwa japo neno moja, angeniuliza ningempa kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe! Au nisingempa, sijui, kwa umri ule. Na hilo swali lako la kupenda sawa, jibu ninalo, liko hapa mdomoni, lakini nalimeza, sitaki ukae na wanao ukawa unawapimia kwa kofia yangu.

Ila ami yako ukimpigia usimtajie haya. Bibi hakumwambia, nami sikumwambia, mpaka leo ajua ilishonwa kwa ajili yake. Anayo bado, huitoa siku ya Maulidi tu, na kila mwaka akishaivua hunishikisha mkononi, aniambia tazama hizi tundu, tazama mama alivyonipenda.

Babako