Chumvi ya mama mdogo

Ujiji, Kigoma

Mama,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti. Unauliza watu wa posa wakija baada ya Idi, wakanikuta mikono imekonda na tumbo limetangulia, uwaambie naumwa nini. Halafu kwa adabu yako ukaongeza, "labda tuseme vidonda vya tumbo." Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ningepandisha sauti na mama yako angeninyang'anya.

Kwanza ujue ninachoumwa, kwa sababu naona hata wewe huna uhakika. Kaka yako anasema "baba ana ini." Kila mtu ana ini. Langu limejaa makovu, na daktari aliliita sirosisi. Aliponieleza nilimrudishia kwa lugha ya kazi yangu, akacheka, akasema ndivyo hasa. Boti linaoza ubao kidogo kidogo, fundi anaziba kwa kalafati mwaka hata mwaka, mpaka siku moja unagonga na kukuta kalafati ni nyingi kuliko ubao. Kalafati inaziba lakini haibebi. Aliyekuwa akitoboa ni kirusi cha homa ya ini ya B, pengine tangu nazaliwa au nikiwa mtoto, zaidi ya miaka hamsini bila kuniuma hata siku moja. Ini halina kelele.

Sasa damu inayotoka utumboni ikitaka kupita kwenye ini inakuta njia imekuwa ngumu. Inarudi nyuma, kama mto Luiche ukijaa matope mdomoni, na maji yanatafuta pa kwenda. Mengine yanaingia tumboni, ndiyo hili unaloliona. Mishipa ya koo la chakula nayo inavimba, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ikipasuka mtu anatapika damu. Ndiyo maana nameza propranololi, dawa ya presha, ingawa presha sina. Watu wakiona kile kiboksi wanasema mzee ana presha, nami nikawaacha waseme. Hilo nitalirudia.

Ugonjwa uitwe kwa jina lake. Neno hilo mmelichoka tangu mkiwa wadogo, mnaumwa malaria mnaniambia "mwili tu." Lakini sijawahi kukwambia nimelitoa wapi, na nadhani mama yako alikuficha alichosikia usiku ule wa mwezi wa Rajabu.

Usiku ule unaujua nusu. Nilikuwa nimeiacha ile sharubati ya laktulosi siku nne, kwa sababu inanikimbiza chooni na nilikuwa na safari ya basi kwenda Kasulu. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo, mtu aende choo laini mara mbili au tatu kwa siku, ili uchafu wa utumboni ambao ini limeshindwa kuusafisha usipande kichwani. Ukapanda. Nilianza kulala mchana na kukesha usiku. Nikinyoosha mikono inapepea yenyewe. Saa tisa usiku mama yako akanikuta uani na nyundo, natafuta boti tuliyoiuza mwaka 2008. Hapo ndipo walipokukomeshea hadithi. Kilichobaki ni kwamba nilimpigia magoti mama yako, nikamwita mama mdogo, nikamwambia, "Nilisema kweli, ila sikusema yote."

Ilikuwa mwaka 1978. Bibi yako, ambaye jina lake unalo wewe, alivimba tumbo, kisha miguu, kisha macho yakawa manjano kama bizari. Babu yako alikuwa na wake wawili uani kwake. Mama mdogo alikuwa mtu wa Uvinza, kule ambako watu wamepika chumvi kutoka kwenye chemchemi tangu kabla ya Mjerumani na kabla ya Mwarabu, na kila akirudi kutoka kwao alishuka kwenye treni na mfuko wake wa chumvi, akijivuna nao kuliko khanga. Miezi ile ya mwisho yeye ndiye aliyempikia mgonjwa. Shangazi zangu walikuwa wanaona kinyaa, sisemi zaidi. Bibi yako alikuwa hapati ladha, kila kitu kwake kilikuwa maji, basi mama mdogo akimwongezea chumvi kwenye mchuzi, akionja, akimwongezea tena.

Baada ya matanga wazee walikaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Niliitwa. "Umewahi kumwona mama yako mdogo akitia kitu kwenye chakula cha mgonjwa?" Nikasema ndiyo. "Cha rangi gani?" Nikasema cheupe. "Mara moja?" Nikasema kila siku. Hakuna aliyeniuliza ni kitu gani, nami sikusema. Mama, nilijua ni chumvi. Nilikuwa nailamba kwenye kiganja chake.

Aliondoka wiki hiyohiyo kwa treni, mdogo wangu mgongoni. Huyo ndiye baba yenu mdogo wa Uvinza, ambaye mnaniuliza kila sikukuu kwa nini hatutembeleani.

Miaka imepita, nikaja kulazwa mimi. Walipotoa maji tumboni kwa sindano mara ya kwanza, lita sita, muuguzi akanipa masharti. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na hapo umehesabu ya kwenye mkate na ya kwenye samaki wa chumvi, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini. Nikacheka mpaka pale pa sindano pakauma. Muuguzi akadhani akili imeshahama.

Kwa hiyo wale wazee walikuwa sahihi? Nimelala na swali hilo usiku mwingi. Hapana. Chumvi haitii ini kovu, inaongeza maji kwa mtu ambaye ini lake limeshaharibika, na mama mdogo angejuaje? Hata sijui kama bibi yako alikuwa na ugonjwa huu wangu. Kichocho cha ziwani nacho hubana mishipa ya ini na kujaza tumbo, na yeye aliteka maji na kufua ziwani maisha yake yote. Hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba ugonjwa ule haukuwa na jina, basi wakautafutia mwenyewe, na mimi nikawaonyesha mlango.

Sasa utasema, baba, mbona wewe uliwaacha watu waseme presha? Ndiyo. Nililijua utalisema.

Ni kwa ajili ya baraza. Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga, nikalipa fidia, na mtu mmoja akaniona adhuhuri nameza dawa kwa maji. Siku nyingine likatajwa ini, na kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika randa akasema, "Ini ni la wanywaji, mzee alikuwa anakunywa chini kwa chini." Mimi! Hata togwa iliyolala siigusi. Niliumia kuliko sindano ya tumbo. Ila baadaye nikajiuliza, na kama ningekuwa nakunywa? Yule fundi mwenzangu wa Katonga alikunywa kweli, na alikuwa na mkono mzuri kwenye ubao kuliko mimi. Tumbo lilipomvimba alijifungia ndani akiogopa neno hilohilo. Daktari aliniambia pombe ikiachwa, hata makovu yakiwa yameshaingia, ini humrudishia mtu kiasi chake na maisha hurefuka. Yeye hakuambiwa, kwa sababu hakwenda. Na mimi nikaona haya kutajwa pamoja naye. Hiyo haya ndiyo iliyonifanya niseme presha, si busara.

Kuhusu posa, wakiuliza kama kirusi hiki kinaambukiza kwa sahani, kikombe au mkono, hakiambukizi hivyo. Kinapita kwenye damu, kwenye unyumba, na kwa mama kwenda kwa mtoto anapojifungua. Wembe wangu ni wangu, mswaki wangu ni wangu. Wewe ulipimwa huna, na sindano zako tatu za chanjo ulimaliza, ya kwanza, ya baada ya mwezi, ya baada ya miezi sita. Ulizaliwa 1996, kabla chanjo hiyo haijaingia kwenye sindano za watoto wachanga nchini mwaka 2002, ndiyo maana nilikusumbua mpaka ukakasirika. Mdogo wako wa mwisho aliipata kliniki bila sisi hata kujua.

Lakini ukitaja homa ya ini watauliza, nani mwingine kwenu? Hapo unagusa la kaka yako, na hilo si langu wala lako. Anacho, anapimwa kila miezi sita, ana afya kama ng'ombe wa Kasulu, na mkewe ameshachanja. Akitaka kusema atasema yeye. Unaona basi? Nimekaa nikihubiri jina, jina, na hapa nakwama.

Mama yako anakuhimiza usisahau, dawa za maumivu ambazo wanaume wa huko wanapenda kuniletea zawadi, diklofenaki, ibuprofeni, usizikubali kwa niaba yangu. Zinaua figo za mtu kama mimi. Parasetamoli, vidonge vinne kwa siku basi. Na mizizi ya mtu yeyote, hata awe mjomba wa bwana harusi, hapana. Nyama na samaki sikatazwi, ni uzushi huo, nakula vizuri na usiku nakula tena uji kabla ya kulala. Nguvu bado ninazo za kuwapokea wageni nikiwa nimekaa.

Nilikuwa nimeandika hapa "waambie." Mama yako akasoma juu ya bega langu, hakusema kitu, akaenda kuchambua mchele. Nimelikata. Ongea na huyo kijana kwanza, ongea na kaka yako, muamue. Mimi ningesema. Lakini mimi nilishawahi kuulizwa nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Ila ujue mapema kwamba hapa siku hizi kunapikwa vyungu viwili. Changu migebuka kwa limao na tangawizi, cha wengine kama kawaida. Mama yako alitaka siku hiyo changu kikae jikoni. Nimemwambia vyote viwili viwekwe mkekani. Cha wageni kitiwe chumvi ya Uvinza. Ukija na treni, ununue.

Baba yako