Chuo kikichafuka, kiongozi wa wanafunzi aanzie wapi?

Wadogo zangu mnaochukua fomu za serikali ya wanafunzi, hasa mlioko vyuo vya hapa Mwanza, mnaniuliza swali lile lile kila msimu: mambo yakiwaka, nisimame na wanafunzi au na utawala? Niliwahi kuwa waziri wa mikopo, baadaye spika wa bunge la wanafunzi, na jibu langu huwa linawaudhi. Kabla hujachagua pa kusimama, tafuta jambo limekwama kwa nani. Migogoro mingi niliyoishuhudia ilikolea kwa sababu mamia ya watu walikuwa wakimfokea mtu asiyehusika.

Chukueni bumu, ile pesa ya mkopo wa wanafunzi. Posho ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo siku 60 ni laki sita. Kwa mtoto wa mvuvi wa Ukerewe aliyepanga geto Mkolani, hiyo laki sita ndiyo kodi, ndiyo wali wa mama ntilie, ndiyo nauli ya daladala. Ikichelewa, anakopa kwa Mangi, kisha anakwepa kupita mbele ya duka. Huyo akiandika kwenye kundi la WhatsApp usiku kwamba kesho tufunge geti, msimwite mkorofi. Ana njaa.

Lakini pesa ile ina njia yake. Inatoka Bodi ya Mikopo. Kwa wanaoendelea na masomo, chuo kinatakiwa kiwe kimepeleka matokeo yao na kuthibitisha kwamba wamesajiliwa. Jina liwe kwenye orodha ya malipo, mwanafunzi athibitishe, na akaunti ya benki iwe sahihi. Kila hatua ina mwenyewe. Zamu yetu ilipofika, CR, yaani mwakilishi, wa kila darasa walikusanya majina ya wasiopata pamoja na namba zao za mtihani wa kidato cha nne, maana Bodi humtambua mtu kwa namba hiyo. Tulipopanga majina kwa kozi, waliokosa karibu wote walikuwa wa idara moja ambayo matokeo yake yalikuwa hayajatoka mezani kwa mtu. Chuo kizima kilikuwa kinataka kuandamana kwenda mjini, na dawa ilikuwa ghorofa ya pili.

Jambo jingine nililolishika siku zile: taja saa. "Tunalifuatilia" ni neno linalochoma watu. Sema taarifa itatoka saa kumi jioni, na saa kumi ikifika jitokeze hata kama huna jipya, useme umeongea na nani na amekujibu nini.

Kuna mambo magumu kuliko pesa, yale ambayo hakuna mkosaji. Kanda ya Ziwa ina Wasabato wengi, na ratiba ya mitihani ikiweka karatasi Jumamosi asubuhi, moto unawaka. Kwao Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama. Wenzao nao wana hoja: wakipangiwa muda mwingine, maswali si yatakuwa yameshavuja? Hoja zote mbili ni za watu wazima, na zinahitaji kujibiwa.

Nikiwa spika niliombwa jambo hilo lipigiwe kura bungeni. Nilikataa, na kuna wabunge walinichukia. Kura ingesema tu nani wengi, na hilo tulilijua. Badala yake tulikaa na viongozi wa Wasabato peke yao, kisha na CR, kisha tukaenda ofisi ya mitihani ratiba ikiwa bado rasimu. Hapo kuna nafasi ya kuhamisha karatasi. Isipowezekana, wanaohusika wanaweza kukaa chini ya usimamizi, bila simu, tangu wenzao wanapoingia chumbani hadi jua lizame, ndipo wafanye karatasi ile ile. Mtihani unaogongana na swala ya Ijumaa nao ushughulikieni mapema hivyo hivyo. Ratiba ikishabandikwa ubaoni, kila mabadiliko yanaonekana ni upendeleo.

Rushwa ya ngono ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba msiige busara ya vikao. Binti akija kwako na kusema mwalimu anamtaka ili asipate sapu, yaani asirudie mtihani, usiwaweke pamoja "kuyamaliza". Usifanye upelelezi wako. Usimtaje kundini, hata kwa mafumbo, maana darasa lina watu wachache na watamjua. Mwambie asifute ujumbe wowote, muulize yeye anataka nini, na mpate dada kiongozi wa kufuatana naye. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinalitaja kosa hili, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113. Serikali ya wanafunzi si mahakama.

Kuhusu maandamano sitasema mengi, ila someni ya Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), yakiwemo ya kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Hoja ya mshahara ilikuwa ya kujadilika. Lakini lilikuwepo bango lililosema maisha yalikuwa nafuu wakati wa ukoloni, miaka mitano tu baada ya Uhuru. Mwalimu Nyerere akakata mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya mia tatu wakarudishwa makwao. Kwa hiyo ukiona lazima mtoke, soma kila bango kabla ya geti. Na kumbuka taarifa ya maandishi polisi, si chini ya saa 48.

Mwisho ni bahasha. Mkiitwa kikao na utawala mtapewa maji, soda, na mara nyingine posho ya kikao. Kabla hamjafika hosteli, habari itakuwa imeshafika kwamba mmehongwa. Sisi tuliandika muhtasari siku ile ile, tukaomba saini ya pande zote mbili, tukaubandika kwenye ubao wa matangazo, na chini yake tukaandika kila kiongozi amepokea shilingi ngapi. Baadhi ya mawaziri wenzangu walininunia muhula mzima.