Chambo bandia cha kutupia Coco Beach

Kaka, umeuliza ununue chambo gani bandia cha kutupia pale Coco Beach, Dar es Salaam, maana viwili ulivyokuwa navyo vimenasa mwambani. Usinunue boksi zima. Chukua kimoja cha chuma chenye umbo la kijiko, gramu 20 hadi 30. Kusi ikivuma, chepesi kinakurudia usoni. Kingine kiwe cha kuelea, cha kupitisha juu ya matumbawe.

Kile cha chuma, ing'oe ndoana yake ya meno 3, ufunge ya jino moja. Mimi nilipoteza vitatu asubuhi moja kabla sijashika adabu. Kikigusa maji tu, anza kuvuta. Ukikiacha kizame, umekitoa sadaka. Mshipi wa milimita 0.40 unatosha, ila mbele weka shibiri moja ya waya, samaki mzia ana meno kama wembe.

Nenda alfajiri, maji yakianza kujaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, geuka nyuma mara kwa mara, yasije yakakuzingira mwambani.

Ukitaka samaki aina ya changu lakini, achana na haya yote: ndoana ndogo, chubwi (kipande cha risasi cha kuzamisha mshipi), na kipande cha ngisi kutoka soko la samaki la Feri.