Maswali yenu kuhusu safari ya Kusini: punguzeni haraka

Masika yakiisha tu, maswali ya safari za Lindi na Mtwara huanza kumiminika. Nimejibu machache.

Nina siku tatu. Nataka kutoka Dar nione Kilwa, Lindi, Mikindani na Msimbati, kisha nirudi. Itawezekana? (Msomaji, Kinondoni)

Haitawezekana, na nimeshalijibu swali hili mara nyingi. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550 kwenda tu. Ukitoa siku mbili za kukaa garini, unabakiwa na moja ya kuona pwani nzima. Kwa siku tatu nenda Kilwa, ulale Kilwa Masoko, utosheke. Anayetaka kufika Msimbati, ufukwe ulio mbele ya Mtwara karibu na mpaka wa Msumbiji, kwa raha atenge siku kumi.

Twende miezi gani? (Msomaji, Dodoma)

Juni hadi Oktoba. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua kubwa na kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika wilayani Kilwa na wasafiri wakakwama. Kabla ya kuondoka muulize dereva wa basi la Kusini hali ya njia. Picha za mitandaoni zimepigwa kiangazi.

Kilwa Kisiwani tunaweza kupanda mashua wenyewe na kulipia tukifika? Na Songo Mnara tuiunganishe siku hiyohiyo? (Msomaji, Arusha)

Kibali cha kuzuru magofu kinachukuliwa Kilwa Masoko, mji wa bara, kabla ya kuvuka. Mchukue na mtembeza wageni wa hapohapo na mumlipe vizuri, kwa sababu bila yeye mtaona kuta tu. Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, ipeni siku yake. Kule maji ndiyo yanayopanga ratiba: yakikupwa, mashua inabaki mbali nanyi mnatembea kwenye tope na mikoko, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, ndiyo usiseme. Nahodha akisema tutoke alfajiri, mtoke alfajiri. Miezi ya kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari huchafuka, kwa hiyo msipande chombo kisicho na majaketi ya kuokolea, hata kama nauli yake ni nusu.

Kinachoniuma zaidi ni wanaoshuka Kisiwani, wakapiga picha Gereza (ndiyo ngome ya kale) na Msikiti Mkuu, kisha wakarudi baada ya saa moja. Huu ni mji ambao Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Moroko, aliufikia mwaka 1331 na kuusifia. Tembeeni hadi Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, mkae juu ya lile genge la mwamba, mwitazame bahari iliyowatajirisha masultani. Magofu haya na ya Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Halafu mtu mzima anapanda juu ya ukuta apigwe picha, mwingine anatia vigae vya kale mfukoni! Mkimwona mwenzenu anafanya hivyo, mkemeeni.

Mikindani kuna nini? (Msomaji, Mbeya)

Nyumba za mawe, milango ya nakshi, Boma la Wajerumani, na ghuba ambako mvumbuzi Mskoti David Livingstone alishuka mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Lala hapo, usiipite mbio kwenda Mtwara mjini.

Gari dogo litafika Msimbati? (Msomaji, Masasi)

Uliza hali ya njia Mtwara siku hiyohiyo, maana mchanga ni mwingi. Usiendeshe ufukweni hata ukiona alama za matairi ya wengine: maji yakijaa hutapata wa kukuvuta, tena hiyo ni hifadhi ya bahari. Makombe na matumbawe yaache yalipo, na ukiuziwa usinunue.

Tunataka kuvuka Ruvuma kwa mtumbwi, tuione Msumbiji kidogo tu. (Vijana watatu, Dar)

Msivuke. Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lililo ng'ambo ya mto, kuna mashambulizi ya silaha tangu 2017. Pandeni Newala, mkalitazame bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu.

Nguo za kuogelea ruksa? (Msomaji, Mwanza)

Ufukweni. Mtaani jifunge khanga.

Tule nini huko? (Msomaji, Morogoro)

Pweza wa nazi, ugali wa muhogo, na ming'oko (viazi vya porini) ya kuchemsha mkiiona barabarani. Ila msiingie kwa mama lishe saa saba mchana mkadai samaki wa dakika kumi. Agizeni asubuhi, mwachieni na pesa kidogo ya kwendea mnadani kwa wavuvi.