Ile 65 ya Milgram

Dada wa Kondele, umeuliza kama kweli watu 65 kati ya 100 humtii mkubwa hata akiamuru mtu aumizwe. Inategemea mpangilio. Hiyo 65 ni awamu moja tu ya majaribio ya mwanasaikolojia Milgram pale Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ambapo mshiriki aliamriwa kumpiga mtu umeme unaozidi kupanda kwa kubonyeza swichi: wanaume 26 kati ya 40 walifika volti 450 (umeme wenyewe ulikuwa wa uongo). Katika awamu nyingine, amri ilipotolewa kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka hadi kama 20 kati ya 100, na wengine walibonyeza volti za chini huku wakidai wanapandisha! Washiriki wenzao wawili walipogoma, 10 tu kati ya 100. Ukiwafundisha wanafunzi wako hapo Kisumu, anza na swichi: 30, kila moja ikiongeza volti 15. Aliyebonyeza ya kumi ataikataaje ya kumi na moja?